Njia ya Kurudi Nambambo

Mtu wa Nambambo aliyepatwa na maradhi ya akili zama za Waingereza alikuwa na njia mbili mbele yake. Moja iliishia kwa ndugu zake na mganga wa karibu. Ya pili ilikwenda Dodoma, ilikofunguliwa mwaka 1927 hospitali ambayo leo yaitwa Mirembe. Na aliyeshika njia hiyo mara nyingi alipelekwa kwa amri na chini ya ulinzi, kana kwamba ameshitakiwa.

Hospitali hiyo haikuwa ya kwanza nchini. Huko Lutindi, katika milima ya Usambara, wamisionari wa Bethel kutoka Ujerumani walifungua mwaka 1896 makao ya watoto waliokombolewa utumwani, na mwaka 1904 makao hayo yakageuzwa nyumba ya wagonjwa wa akili. Kazi ya shamba na ya mikono ikawa sehemu ya tiba.

Lakini Lutindi na Dodoma zote zilikuwa mbali na Nachingwea. Mradi wa karanga ulioanza mwaka 1947 ulileta reli mpaka Nachingwea, ukavunjika mwaka 1951 baada ya kuteketeza zaidi ya pauni milioni 30. Reli yenyewe ilielekea baharini tu, wala haikuungana na reli ya kati. Ingeweza kubeba karanga, isiweze kumfikisha mgonjwa Dodoma. Mwaka 1963 ikafungwa.

Umbali haukuwa taabu ya kwenda peke yake. Taabu kubwa ilikuwa ya kurudi. Mmwera aliyekaa miaka ugenini, akiugua mbele ya watu wasiojua lugha yake, aliweza kupoa kabisa akakuta hana tena mahali: shamba limeshikwa na mwingine, watoto wamekua bila yeye, na jirani wangali wakikumbuka siku aliyofungwa kamba. Dawa haitibu hayo.

Huko Aro, Nigeria, Daktari Thomas Adeoye Lambo alianza mwaka 1954 kuwatibu wagonjwa waliokaa vijijini pamoja na jamaa zao. Tanzania nayo, kuanzia mwisho wa miaka ya 1960, ilianzisha vijiji ambamo wagonjwa walilima na kuishi na ndugu. Hombolo karibu na Dodoma na Vikuruti karibu na Dar es Salaam ni miongoni mwa hivyo. Ilikuwa fikira njema, ingawa kijiji cha wagonjwa, hata kiwe kizuri namna gani, si kijiji cha mtu mwenyewe.

Katika miaka ya 1980 huduma hiyo ilijaribiwa katika zahanati za kawaida za Morogoro na Kilimanjaro, kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani na Denmark. Hapo ndipo njia ilipogeuka: tiba ikaanza kumfuata mgonjwa. Sheria ya Afya ya Akili ilipotungwa mwaka 2008, jambo hilo lilikuwa limekwisha kuonyeshwa kwa vitendo. Mwenye kudungwa sindano ya kila mwezi hana haja ya kuvuka nchi kuifuata. Ahitaji tabibu aliyefundishwa katika zahanati ya kwao, dawa isiyokatika, na ndugu wa kumkumbusha siku yake.