Risasi ya betri: Sumu isiyoishia kiwandani

Betri kuukuu za magari ni mali, kwani risasi iliyomo huyeyushwa na kutumika tena. Hata hivyo, kazi hiyo isipodhibitiwa, moshi, vumbi na tindikali huwafikia majirani.

Ndivyo ilivyokuwa kwa wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, waliopakana na kiwanda cha kuyeyusha risasi kuanzia mwaka 2007 hadi 2014. Desemba 2024, Mahakama ya Juu ya Kenya iliwarejeshea fidia ya Sh1.3 bilioni waliyopewa na Mahakama ya Mazingira na Ardhi mwaka 2020.

Risasi haiozi. Watoto huifyonza mara 4 hadi 5 kuliko watu wazima inapoingia tumboni, nayo hudhuru ubongo unaokua.

Kwa hiyo, kiwanda hupaswa kuchuja moshi, kuondoa ukali wa tindikali kabla ya kumwaga majitaka, na kuhifadhi mabaki ya tanuri juu ya sakafu ya zege, chini ya paa. Wafanyakazi nao waoge na kubadili nguo kabla ya kurudi nyumbani, wasiwapelekee watoto wao vumbi hilo. Udongo ukishachafuka, hubaki kuuchimba na kuuondoa, au kuufunika.