Madume, Majike na Wasiojulikana: Daftari la Reptilia Jijini Nairobi

Wafugaji wa reptilia, yaani wanyama wa damu baridi wenye magamba kama nyoka, mijusi, kobe na mamba, huandika jinsia ya wanyama wao kwa namba tatu zinazotenganishwa na nukta: ya kwanza ni ya madume, ya pili ya majike na ya tatu ya wale ambao jinsia yao haijathibitishwa, hivyo 2.3.4 husomwa kuwa madume wawili, majike watatu na wanne wasiojulikana. Namba hiyo ya tatu, ambayo mfugaji wa ng'ombe hana haja nayo, ndiyo yenye uzito zaidi katika historia ya utaratibu huu, kwa sababu viungo vya kiume vya nyoka na mjusi, ambavyo ni viwili, hufichwa ndani ya shina la mkia, na kwa nje dume na jike mara nyingi hufanana.

Jijini Nairobi kazi hii ilianza kwa wanyama waliokufa. Makumbusho yaliyoanzishwa mwaka 1910 yalimpata Arthur Loveridge kuwa msimamizi mwaka 1914, na mtaalamu huyo, ambaye mwaka 1924 alihamia Chuo Kikuu cha Harvard na mwaka 1957 akachapisha orodha ya reptilia na amfibia wa Afrika Mashariki, aliandika jinsia kwa alama za kale za sayari ambazo Carl Linnaeus alizitia katika biolojia karne ya 18: duara lenye mshale kwa dume na duara lenye msalaba kwa jike. Alama hizo hazikuwa pambo, kwani idadi ya magamba ya chini ya mkia, inayosaidia kutambua spishi, huweza kutofautiana baina ya dume na jike, na asiyewatenganisha angeweza kudhani ameona nyoka wa aina mbili. Tena, mzoga uliohifadhiwa katika spiriti uliweza kupasuliwa, na shaka ikaisha.

Bustani ya Nyoka iliyofunguliwa kando ya makumbusho hayo mwaka 1961 ilikuwa na wanyama hai, ambao hawawezi kupasuliwa. Mbinu iliyozoeleka duniani ni kuingiza kijiti chembamba cha chuma chenye ncha butu kwenye tundu la chini ya mkia na kuhesabu magamba kinayoyapita, kwa kuwa kwa dume huzama zaidi. Lakini mkono mzito huweza kumjeruhi mnyama, na kwa hiyo mtunzaji mwangalifu aliyeandika "hajulikani" alistahili heshima kuliko aliyekisia.

Mwaka 1966 mtafiti Madeleine Charnier, akifanya kazi Dakar, alionyesha kwamba joto la mayai ya mjusi aina ya agama huathiri jinsia ya vifaranga. Baadaye ilithibitika kuwa ndivyo ilivyo kwa mamba wa Naili pia, ambaye mayai yake yakiatamiwa chini ya nyuzi 31 za Selsiasi hutoa majike kwa wingi, ilhali yale ya joto la juu kidogo hutoa madume wengi. Tangu hapo ikawa na maana kuandika joto la kiota pamoja na idadi ya mayai. Mwaka 1973 ulianzishwa nchini Marekani mfumo wa ISIS wa kuunganisha kumbukumbu za mabustani ya wanyama, ili wapangaji wa uzazi waepuke kupandanisha ndugu.

Katika nyua za miti za Riruta Satellite na vitongoji vingine vya magharibi mwa Nairobi, mnyama anayefundisha somo hili vizuri ni kinyonga wa Jackson, aliyepewa jina la kisayansi mwaka 1896. Dume ana pembe tatu, lakini jike huweza kuwa na moja, tatu au asiwe nayo kabisa, kwa hiyo anayehesabu pembe peke yake hukosea. Uvimbe wa shina la mkia wa dume ni ushahidi bora. Sheria ya wanyamapori ya Kenya ya mwaka 2013 inataka kibali kwa anayewafuga, na hapo usahihi wa daftari huwa jambo la kisheria pia. Kinyonga huyu huzaa watoto hai, na jike huweza kuhifadhi mbegu za kiume kwa miezi, hivyo aliyesajiliwa 0.1 huweza kuwa 0.1.20 siku moja bila dume yeyote kuingia kizimbani.