Mtunzi akikwama, amtafute wa kumjibu

Kila mtunzi wa mashairi, awe malenga aliyebobea au mwanafunzi anayejaribu ubeti wake wa kwanza, hufikwa na siku ambapo kalamu hukataa. Huketi mezani, karatasi iko mbele yake na mada anaijua, ila mshororo wa kwanza hauji. Hali hii imewafanya wengi waamini kwamba hawana kipawa, wakaiacha sanaa ya ushairi kabisa.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mara nyingi kinachokosekana si kipawa wala msamiati. Kinachokosekana ni mtu wa kuambiwa.

Kiini cha kukwama

Sababu ya kwanza ya kukwama ni mada pana mno. Mtunzi huamua kutunga kuhusu elimu, amani au ufisadi. Mada hizo ni nzito, lakini hazina uso. Matokeo yake ni kwamba ubeti wa kwanza husema elimu ni nuru, wa pili husema elimu ni ufunguo, na wa tatu hauna la kusema.

Sababu ya pili ni kufanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Shairi la tarbia lina mishororo minne katika kila ubeti. Kwa kawaida kila mshororo huwa na mizani 16, yaani 8 katika ukwapi na 8 katika utao, pamoja na vina vya kati na vya mwisho. Mtunzi anayewaza la kusema huku akihesabu mizani kwa vidole hujikuta amepoteza yote mawili.

Funzo la wakongwe

Tukirejea historia ya ushairi wa Kiswahili, tunaona kwamba watunzi wengi mashuhuri hawakutunga peke yao. Muyaka bin Haji wa Mombasa, anayekadiriwa kuishi kati ya 1776 na 1840, alitunga wakati wa uhasama baina ya Mombasa na Lamu. Zahidi Mngumi wa Lamu naye alikuwa na majibu yake. Kila upande ulipotuma fumbo, upande wa pili ulilazimika kulifumbua na kulijibu. Katika mazingira kama hayo mtunzi hakosi la kusema, kwa kuwa swali huwa tayari limeulizwa.

Je, asiye na mpinzani afanyeje? Abdilatif Abdalla anatupa jibu. Alifungwa kuanzia 1969 hadi 1972 kutokana na waraka wake uitwao Kenya: Twendapi? Humo gerezani alitengwa na wenzake, na mashairi yake aliyaandika kwenye karatasi za msalani. Diwani yake, Sauti ya Dhiki, ilichapishwa mwaka wa 1973. Ndani yake mna shairi la "Mnazi: Vuta N'kuvute", ambamo Alii na Badi wanazozana juu ya mnazi. Mtu aliyenyimwa wa kuzungumza naye aliwaumba wawili, akawaacha wazungumze.

Hata kurasa za mashairi magazetini zimejengwa juu ya desturi hii. Watunzi wengi huanza kwa kumwamkua mhariri na kumwomba nafasi. Wako wanaoiona desturi hiyo kuwa mazoea matupu, lakini ina manufaa yake: mtunzi akishamwamkua mtu, ameanza kusema.

Hatua za kufuata

Kwanza, mtunzi achague mtu mmoja wa kumwambia. Badala ya kutunga kuhusu uaminifu, amtungie jirani aliyeazima jembe asilirudishe.

Pili, aandike hoja zake kwa nathari, kama anayeandika barua, bila kujali vina wala mizani. Iwapo barua hiyo haina jambo, shairi nalo halitakuwa nalo.

Tatu, aanze na kibwagizo, yaani mshororo wa mwisho unaorudiwa katika kila ubeti. Kwa mfano: "Jembe uliloazima, mvua yaja lilete." Mshororo huu una mizani 8 kila upande, na unamwonyesha mtunzi kila ubeti unakoelekea.

Nne, aorodheshe maneno ya vina kabla ya kutunga. Kwa kina cha "ma" yapo lawama, huruma, heshima, nyuma na kulima. Kina cha "te" huonekana kigumu, hadi mtunzi akumbuke kwamba vitenzi vinavyoishia kwa "ta" humpa nipate, nikuite, nifuate na usisite. Kina ambacho hakifikishi maneno kumi ni heri kiachwe mapema.

Tano, mizani ihesabiwe mwisho. Panapozidi au kupungua, mtunzi ana uhuru wa kufupisha neno kwa inkisari au kulirefusha kwa mazda, mradi asiupotoe ujumbe.

Wanaotunga mashairi huru, kwa mkondo uliopata umaarufu kupitia Kichomi cha Euphrase Kezilahabi mwaka wa 1974, hawafungwi na vina na mizani. Hata hivyo, hatua mbili za kwanza zinawahusu pia.

Tahadhari

Kumjibu mtu si kumtukana. Malumbano yanayogeuka matusi humnyima mtunzi heshima na huweza kumfikisha mahakamani. Aidha, si kila kimya ni kukwama. Uchovu na msiba huhitaji mapumziko, wala si aibu kuiweka kalamu chini kwa muda.

Mwandishi wa makala haya aliwahi kuombwa atunge shairi la kumwomboleza rafiki aliyesoma naye chuo kikuu. Kwa siku tatu aliandika juu ya kifo, akafuta, akaandika tena. Usiku wa kuamkia mazishi alikiri nafsini kwamba kwa miaka miwili hawakuwa wamesemezana, kwa sababu ya neno moja lililotamkwa kwa hasira, na kwamba aliyelitamka ni yeye. Akakiacha kifo, akamwandikia rafiki yake kumwomba radhi. Beti saba zilikamilika kabla ya alfajiri.

Kwa hivyo, mpenzi msomaji, kalamu ikikataa usikimbilie kujilaumu. Jiulize kwanza: ni nani ninayetaka anisikie, na ni jambo gani sijamwambia? Ukishalipata jibu, uandike mshororo wa kwanza jinsi ulivyo, hata ukiwa na mizani 17. Wahenga walisema mwanzo wa ngoma ni lele.