Kuuzunguka Hanang kwa Magurudumu Mawili

Kwa mtu wa visiwani, baiskeli ni chombo cha nchi tambarare. Hutoka nayo Darajani akafika Bububu bila ya kuteremka, na akiteremka basi ni kwa ajili ya kumwamkia mtu, si kwa sababu njia imemshinda. Katika nchi ya Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, mwenye baiskeli ni mtu wa miguu nusu ya safari. Huisukuma akipanda, gunia la mahindi au la vitunguu saumu limefungwa nyuma, na huipanda akishuka, roho mkononi. Njia haihesabu kwa maili; huihesabu kwa vilima.

Labda ndiyo maana sifa ya nchi hii ni ya wakimbiaji. John Stephen Akhwari, aliyemaliza marathoni ya Mexico mwaka 1968 akichechemea na mguu umefungwa bendeji, ni mtu wa Mbulu. Gidamis Shahanga, mshindi wa marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edmonton mwaka 1978, ni wa Katesh. Hata hivyo, hakuna msafiri anayeijua barabara kama mwendesha baiskeli. Wa gari husinzia, wa miguu hukata njia za mkato, lakini wa baiskeli hulazimika kuifuata barabara yenyewe, kona kwa kona na jiwe kwa jiwe. Na barabara za huku kila moja ina aliyeiamuru, na kila aliyeamuru alikuwa na alilolitaka.

Kabla ya barabara palikuwa na vijia. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 msafara wa Oscar Baumann, uliotoka Tanga na wapagazi wake wa pwani, ulipita katika nchi ya Wairaqw. Huyu ndiye Baumann ambaye miaka michache baadaye alikuja kuwa balozi mdogo wa Austria-Hungaria Unguja, akaandika vitabu juu ya Unguja, Pemba na Mafia. Vijia alivyovikuta havikukusudiwa kumfaa mgeni. Mama Isara, kitovu cha Wairaqw, ni nchi ya miinuko iliyosongamana, na wenyewe waliitaka iwe hivyo. Nyumba zao zilichimbwa ubavuni mwa kilima, paa la udongo likaungana na ardhi, hata mvamizi aliyetoka upande wa juu angeweza kulikanyaga paa asijue kwamba chini yake mna watu na ng'ombe. Watu wanaojificha namna hiyo hawachongi barabara pana.

Barabara pana zilikuja na boma. Mahali ambapo njia ya Mbulu inaachana na barabara kuu ya Arusha na Babati panaitwa hadi leo Mbuyu wa Mjerumani. Kutoka hapo njia inakata bonde hadi Magara, kisha inaukabili ukuta wa Bonde la Ufa. Ziwa Manyara liko kiasi cha mita 950 juu ya usawa wa bahari. Mji wa Mbulu uko juu ya mita 1,700. Na sehemu kubwa ya tofauti hiyo inapandwa katika mlima mmoja. Baiskeli hapo haiendeshwi, hata iwe na gia ngapi. Ilipaswa kuchongwa kwa majembe na sururu, na katika zama za Mjerumani, na za Mwingereza aliyemfuatia, mtu aliyekosa fedha ya kodi aliilipa kwa mikono yake, na kazi iliyokuwa karibu kuliko zote ilikuwa barabara. Wajukuu wa waliochonga ndio wanaosukuma baiskeli humo.

Juu, hewa hubadilika. Msitu wa Nou unakaa mgongoni mwa ukuta huo, na ukungu wake hushuka barabarani mpaka tairi la mbele halionekani vyema. Maji ya vijito vinavyotoka humo ndiyo yanayolisha mashamba ya bondeni. Kutoka Mbulu njia huelekea kusini hadi Dongobesh, ikipanda na kushuka kama mawimbi ya kusi, kisha magharibi hadi Haydom, ambako Walutheri wa Norway walifungua hospitali mwaka 1955. Kwa miaka mingi wagonjwa walifikishwa huko kwa machela, kwa punda, na kwa keria ya baiskeli. Historia huandika jina la aliyejenga hospitali. Aliyemsukuma mgonjwa usiku kucha juu ya baiskeli haandikwi popote.

Baada ya Haydom nchi hulala. Mwendesha baiskeli anayeelekea Basotu hustarehe kwa mara ya kwanza, na ni haki yake, ila starehe hiyo ina gharama yake, na gharama hiyo ililipwa na watu wengine. Hapa ni kwa Wabarabaig, tawi la Wadatoga, ambao watu wa misafara waliwajua kwa jina la Wamang'ati. Ni wafugaji. Malisho yao yalikuwa na mpango: ng'ombe walihamishwa kwa majira kutoka mbuga moja hadi nyingine, na njia zao zilifika kwenye maziwa ya Basotu, yenye maji matamu, na kwenye Balangida, ziwa la chumvi lililo chini ya mlima. Kwa mgeni nyasi zile zilionekana tupu. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, shirika la umma la NAFCO, kwa msaada wa Canada uliodumu zaidi ya miaka 20, lilifungua hapo mashamba ya ngano yaliyofikia takriban ekari 100,000. Basotu, Setchet, Mulbadaw, Murjanda, Gawal, Waret, Gidagamowd: majina yalibaki ya wenyewe, ardhi ikaondoka. Njia za mashamba zilipigwa kwa rula, na za ng'ombe zikafungwa. Hata makaburi ya wazee wa Kibarabaig, yale vichuguu vikubwa vinavyojengwa kwa heshima na kutunzwa na ukoo kizazi hata kizazi, yalipitiwa na plau.

Wabarabaig walikwenda mahakamani. Mwaka 1981 kijiji cha Mulbadaw, pamoja na watu kadhaa kwa majina yao, kilifungua shauri dhidi ya NAFCO, na mwaka 1984 Mahakama Kuu iliwapa ushindi wa sehemu. Mahakama ya Rufani ikautengua. Miongoni mwa sababu zilizotolewa ilikuwa kwamba wadai hawakuthibitisha kuwa wao ni wenyeji kwa maana ya sheria. Hukumu za kikoloni zilikuwa na ukatili mwingi, lakini ni nadra kukuta sentensi iliyo kavu kama hiyo katika dola huru: mtu asimame juu ya kaburi la babu yake, kisha atakiwe kuleta ushahidi kwamba ni wa hapo. NAFCO nayo ilikuja kuondoka. Mashamba mengine yakapewa vijiji, mengine wawekezaji. Njia za rula bado zipo. Kwa magurudumu mawili ni tamu mno, upepo ukiwa mgongoni.

Katika njia hizo Hanang hauondoki machoni. Ni mlima wa volkano uliolala, wa mita 3,417, umesimama peke yake kama mzee aliyebaki barazani wenzake wakiwa wameondoka. Mji wa Katesh uko miguuni pake kusini. Wadatoga huuheshimu, na wakulima huutegemea kwa mvua. Alfajiri ya Jumapili tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa ya usiku, sehemu ya mlima iliyokuwa imenywa maji ikakatika. Tope, mawe na magogo yakafuata makorongo hadi Katesh, Gendabi na Jorodom. Watu zaidi ya 80 walikufa. Barabara kuu, ile ya lami, ilifunikwa, na kwa muda waliotoka Singida na waliotoka Babati wakawa wametenganishwa na tope lililokauka kama saruji. Waliopoteza makazi walijengewa na serikali nyumba huko Waret. Jina hilo msomaji amekwisha kulikuta: ni mojawapo ya yale mashamba ya ngano.

Lami hiyo ni tabaka la mwisho. Ilikamilika kati ya Singida na Babati mwanzoni mwa miaka ya 2010, na imeubadili upande wa kusini wa mzunguko kuwa mwepesi: kutoka Katesh kupitia Endasak hadi Dareda chombo hukimbia, ukuta wa Bonde la Ufa upande wa kushoto, mashamba upande wa kulia, mpaka ziwa la Babati na viboko wake. Babati wageni wenye baiskeli si jambo la ajabu. Tangu mwaka 2003 kundi la waendeshaji wa kimataifa limekuwa likitoka Cairo kuelekea Cape Town, na kwa miaka mingi lilipita hapa baina ya Arusha na Dodoma. Watoto huwakimbilia na kuwapungia mikono. Wageni nao hupiga picha, hujaza maji, huendelea kusini. Upande wa juu hawauoni, kwa kuwa barabara yao haiendi huko.

Dareda, pembeni mwa lami, ipo njia nyingine inayorudi juu kwenda Bashnet na Dongobesh. Jioni, soko likimalizika, wanaume hukusanyika hapo mwanzo wa mlima na baiskeli zao. Hukaza kamba za mizigo, hukagua mnyororo, huvua viatu vinavyoteleza. Mmoja huanza kusukuma, wengine humfuata, kila mmoja mkono wa kushoto kwenye usukani na wa kulia nyuma ya gunia, na maongezi yao husikika juu ya kona hata baada ya wao wenyewe kutoonekana.