Mwaka wa kwanza wa chuo uliohamia sekondari

Nimepotea kidogo, testi zilikuwa zimenibana. Leo mvua imeshika tangu alfajiri, Uluguru yote imemezwa na mawingu, na umeme umeshakatika mara mbili. Nikaona bora niandike.

Kisa kimeanzia kwenye simu. Mdogo wangu yuko nyumbani Mgeta, kapata matokeo ya kidato cha nne, kafaulu vizuri tu. Akaniuliza: "Dada, niende fomu faivu au nikachukue diploma? Ipi inanifikisha chuo kikuu mapema?"

Nikataka kumjibu haraka kwamba fomu faivu, halafu nikakwama. Chumbani naishi na Madam. Tunamwita hivyo kwa sababu alishafundisha sekondari ya kata miaka minne kabla ya kuja huku. Ana diploma ya ualimu. Juzi katoka kwenye lekcha ya saikolojia ya elimu, kaweka daftari kitandani, akasema: "Mdogo wangu, haya yote nilishayasoma, nikayafanyia mtihani, nikayafundishia." Lakini kaanzishwa mwaka wa kwanza, sawa na mimi niliyetoka fomu siksi bila kuwahi kushika chaki.

Nikaanza kuchimba. Wenzetu Marekani wana utaratibu wa mwanafunzi wa sekondari kusoma somo la ngazi ya chuo, akafanya mtihani, na akifaulu vizuri vyuo vingi vinamhesabia. Unaitwa Advanced Placement, na bodi ya College Board iliuchukua mwaka 1955. Wengine wanasoma kabisa kozi za chuo huku bado wako sekondari. Nikajiambia, sisi hatuna kitu kama hicho.

Kumbe tulikuwa nacho, ila tumesahau.

Turudi nyuma. Kabla ya uhuru, kijana wa Tanganyika aliyetaka chuo kikuu hapa Afrika Mashariki alikuwa anatazama Makerere, kule Kampala. Mwaka 1949 Makerere iliingia kwenye uhusiano maalumu na Chuo Kikuu cha London, na digrii zake zikawa za London. Mwanafunzi alifika pale na cheti cha Cambridge cha kidato cha nne. Hakuanza digrii papo hapo. Kwanza alisoma kozi ya maandalizi ya miaka 2, ya sanaa au ya sayansi, akiwa tayari ni mwanachuo. Akifaulu hapo ndipo alianza digrii yenyewe.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 mambo yakabadilika. Sekondari zetu zikaanza kufungua kidato cha tano na cha sita, chini ya mtihani wa juu wa Cambridge. Ile miaka 2 ya maandalizi ikahama kutoka Makerere ikaingia sekondari. Nafasi za chuo zilikuwa chache na ghali, hivyo kazi ile ilifanyika kwa nafuu zaidi huku chini, tena kwa wanafunzi wengi zaidi. Kwa hiyo chuo kikuu chetu kilipofungua mlango Dar es Salaam Oktoba 1961, na wanafunzi 14 wa sheria kwenye jengo la TANU, sekondari za juu zilikuwa zimeshaanza kubeba kazi ya mwanzo ya chuo.

Unaona sasa? Ndiyo maana digrii yangu ni ya miaka 3 wakati ya Marekani kwa kawaida ni miaka 4. Na ndiyo maana vyuo vingi vya kule vinampa krediti mtu mwenye matokeo mazuri ya kidato cha sita cha Cambridge. Wale mabinti wa Kilakala na vijana wa Mzumbe Sekondari wanaokesha na desa usiku, kihistoria wanasoma mwanzo wa chuo kikuu. Hakuna anayewaambia tu.

Kuna wakati nchi ilijaribu kuhesabu kitu kingine, yaani kazi. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilisema ukimaliza kidato cha sita huendi chuoni moja kwa moja. Unapita Jeshi la Kujenga Taifa, unafanya kazi angalau miaka 2, na mwajiri pamoja na chama wanakupendekeza. Wazo lilikuwa zuri, chuo kipate watu wanaoijua nchi. Ila lilikuwa na gharama. Idadi ya wanawake chuoni ilishuka, kwani miaka ile ya kusubiri ndiyo miaka ya kuolewa na kuzaa, na baada ya muda mfupi wakaruhusiwa kuingia moja kwa moja. Polepole sharti likalegezwa kwa wengine pia.

Sasa nilinganishe. Fomu faivu na siksi ni miaka 2, na inahesabiwa kimyakimya, maana imeshakatwa kwenye urefu wa digrii. Diploma baada ya kidato cha nne mara nyingi ni miaka 3, na inakufungulia mlango wa chuo, lakini ukishaingia humo ndani kwa kawaida unaanza na wenzako sifuri. Kuzoea kazi, kama kwa Madam, Musoma walikupa heshima. Leo kunakusaidia tu usitetemeke siku ya BTP.

Mimi nadhani hapo ndipo tunakosea. Kama Makerere iliweza kukubali kwamba somo la chuo likisomwa sekondari linabaki kuwa somo la chuo, kwa nini saikolojia ya elimu ikisomwa chuo cha ualimu isihesabiwe? Madam ana watoto wawili nyumbani. Mwaka mmoja kwake ni kitu kikubwa.

Jioni nikampigia mdogo wangu. Nikamwambia: "Ukitaka kufika mapema, nenda fomu faivu. Ukiona ada ya chuo kikuu inaweza kukwama, chukua diploma, utakuwa na kazi mkononi hata njia ikikatika. Ila ujue utalipa kwa muda."

Akanyamaza kidogo, halafu akauliza: "Sasa dada, kwani muda wa mtu aliyesoma diploma hauna thamani?"

Nilipomsimulia Madam, alicheka mpaka akafuta machozi. Akasema huyo mtoto aende fomu faivu, halafu akasome sheria.