Ubwiriunga na Mikorosho: Kutoka Mtwara hadi Manyoni
Anguko la korosho nchini, kutoka tani zipatazo 145,000 msimu wa 1973/74 hadi chini ya 20,000 msimu wa 1986/87, limezoeleka kuelezwa kuwa tokeo la Operesheni Vijiji: wakulima walihamishwa mbali na mikorosho yao. Ni kweli, ila maelezo hayo yanausahau ukungu. Ubwiriunga, uliotambuliwa nchini mwaka 1979, hushambulia maua na majani machanga. Jani lililokomaa huuhimili. Salfa iliuzuia, kwa gharama isiyokwisha. Watafiti wa Naliendele, Mtwara, wakageukia mti wenyewe, wakachagua na kupandanisha mikorosho stahimilivu. Leo, huko Manyoni, ambako korosho ni zao geni, mkulima ana haki ya kuuliza: mche huu umetokana na mkorosho upi?