Mzazi Kuwa Mwalimu: Historia Fupi ya Kumfundisha Mtoto wa Usonji Nyumbani

Hakuna mwalimu wa Kiswahili asiyepata kuifundisha methali isemayo, "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo." Twaifundisha kwa nia njema. Lakini methali yaweza kugeuka rungu mkononi mwa mtu ahukumuye kabla ya kuuliza, na historia ya watoto wenye usonji yatuonyesha jambo hilo waziwazi.

Mwaka 1943 daktari Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, alieleza habari za watoto 11 waliojitenga na watu. Baadhi yao hawakusema kabisa. Wengine walirudia maneno ya watu kama mwangwi. Baadaye wataalamu wengi walitafuta wa kulaumiwa, wakampata mama. Bruno Bettelheim wa Chicago, katika kitabu chake cha mwaka 1967, alishikilia kwamba chanzo ni ubaridi wa wazazi, na kwamba yafaa mtoto atengwe nao. Hivyo mama ambaye hakupata kuitwa "mama" na mwanawe aliambiwa tena kwamba ndiye aliyemfunga kinywa. Walakini Bernard Rimland, mtaalamu wa saikolojia na mwenyewe baba wa mtoto wa namna hiyo, alikuwa amekwisha kuipinga hoja hiyo mwaka 1964, akieleza kuwa chanzo kimo mwilini, wala si katika malezi. Elimu ya leo imempa haki.

Mwaka huohuo wa 1964, Montrose Wolf, Todd Risley na Hayden Mees walitoa taarifa ya mtoto mmoja wa jimbo la Washington, waliyempa jina la Dicky. Alikuwa na umri wa miaka mitatu na nusu, naye alikuwa amepasuliwa macho. Asipovaa miwani angepoteza uwezo wa kuona. Lakini miwani hakuitaka, na hasira zake zilimfanya ajiumize. Hospitalini walimfundisha hatua kwa hatua: akiishika fremu tupu, alipewa kipande cha tunda au peremende, akiisogeza machoni, kingine. Kisha wakaingia katika lugha. Alionyeshwa picha, akatajiwa jina lake, naye alipolitamka alitunzwa. Baadaye wazazi nao walifunzwa njia hizo, wakaziendeleza nyumbani. Miezi sita baada ya kurudi kwao, mama alieleza kuwa mwanawe angali akivaa miwani, na maneno yake yanazidi.

Ushahidi mzito zaidi ulikuja mwaka 1973. Ivar Lovaas na wenzake, wa Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles, waliwatazama tena watoto waliopata kuwafundisha. Wale waliopelekwa kuishi katika taasisi walikuwa wamepoteza walichojifunza. Wale ambao wazazi wao walifunzwa waliendelea mbele. Basi Lovaas akalihamishia darasa nyumbani. Mwaka 1987 aliripoti kwamba kati ya watoto 19 waliofundishwa saa 40 kwa juma, 9 walimaliza darasa la kwanza katika shule za kawaida.

Haya tusiyapokee bila kupima. Watoto wale hawakugawanywa kwa kura, na wataalamu wamebishana sana juu ya hesabu hiyo. Tena katika kazi ile mtoto aliweza kupigwa kofi alipokosea. Sisi tuliowahi kushika fimbo tusipite hapa haraka. Wapo leo watu wazima wenye usonji wasemao kwamba waliumizwa na mazoezi ya kuwalazimisha wafanane na wengine.

Hata hivyo, funzo moja limesimama: neno lililofundishwa mbali na nyumbani hunyauka lisipopata wa kulitumia naye. Kwa hiyo, siku mzazi atakapotuletea mtoto asiyesema, tusimwulize alikosea wapi katika kumlea. Tumwulize mtoto hupenda nini, na huomba kwa ishara gani. Hapo ndipo neno la kwanza litakapoanzia. Na methali ile tuifundishe pamoja na nyongeza hii: malezi hayakukileta kimya cha mtoto huyu, lakini yaweza kumsaidia kukivuka.